Kosa la Kumpiga Askari Picha

Usiku wa jana, usingizi uliponikubali hatimaye, niliota simu yangu imevimba tumbo.

Ilikuwa imelala chali juu ya stuli, pale nilipoiacha ikichaji, inahema kama mtu aliyeshiba akakosa pa kujinyoosha. Nikaiinamia. Ikanitazama kwa lile jicho lake la mbele.

"Mzee Mkude," ikasema, "mimi nina mtu tumboni."

"Najua," nikaijibu. "Ni mkwe wangu."

"Halali huyu. Tangu siku ile amesimama tu, amenipa mgongo. Siwezi kuendelea hivi. Ama azaliwe, ama nizime."

"Usizime," nikasema. "Kesho una kazi mahakamani."

Hapa inanibidi niseme jambo lisilo la ndoto, ili anayesoma asipotee njia. Mkwe wangu Zuberi, mume wa binti yangu Semeni, ni fundi wa kuziba pancha nje ya geti la soko la Mnadani. Mchana mmoja, soko limejaa watu, lilikuja karandinga la polisi. Askari walianza na muuza miwa. Zuberi akauliza kosa la muuza miwa ni nini. Hakuuliza kwa ukali. Alikuwa ameshika tairi la baiskeli. Wakamwacha muuza miwa, wakamfunga pingu yeye, mikono nyuma, wakamsukuma ndani ya karandinga, wakaondoka.

Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara, nimekwenda kununua betri za redio. Nilitoa simu nikachukua video. Sikujificha. Nilisimama wima katikati ya watu, kwa sababu nilivyosoma mimi, kazi ya umma hufanywa mbele ya macho ya umma, na simu ni jicho lenye kumbukumbu.

Tangu siku hiyo Zuberi hajaonekana. Kila kituo tulichokwenda kinasema hakimjui, hakuna aliyemkamata, hakuna karandinga lililotoka. Wakili wetu, Bi Nyamizi, amefungua shauri ili polisi waamriwe kumleta kwa hali yoyote aliyo nayo. Ushahidi wote tulio nao ni ile video yangu, na video yangu ina kasoro. Zuberi hageuki. Anaonekana mgongo tu, ovaroli la buluu, na nusu ya mafundi wa mji huu huvaa ovaroli la buluu. Yule askari anayemsukuma naye ameangalia kando. "Mgongo hauna jina," wakili wa upande wao alisema siku ya kwanza, na watu mahakamani wakacheka. Shauri lilikuwa liendelee leo asubuhi. Hiyo ndiyo hali niliyolala nayo.

Sasa nirudi ndotoni.

"Twende kituoni," simu ikasema. "Labda wakimwona alivyo humu ndani watamkumbuka."

Nikaivaa shingoni kwa kamba ya kiatu, nikafungua mlango. Nje palipaswa kuwa na uchochoro, ndoo za jirani yangu Mama Deo na kuku wake. Badala yake palikuwa na ukurasa. Ukurasa mweupe wenye mistari, kama wa daftari letu la ngumbaru, umetandikwa mpaka upeo wa macho. Mimi natembea juu ya mstari. Sikushangaa. Mwandiko wangu siku zote hukaa juu ya mstari. Mwalimu Felista alilisifu hilo mbele ya darasa zima, na mimi sikuona sababu ya kukanusha.

Mwisho wa mstari kuna kituo.

Mimi nilisoma ukubwani, jioni, baada ya kazi, nikiwa na wajukuu tayari. Darasani tulifundishwa kwamba ile alama ya mwisho wa sentensi inaitwa nukta, na kwamba wengine huiita kituo. Kumbe ndicho hiki hiki. Kituo cha polisi ni nukta nyeusi, kubwa kama ghala la pamba, haina mlango wala dirisha. Mbele yake askari ameketi kwenye kiti cha plastiki, anamenya karanga.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, afande. Namtafuta Zuberi Mndeme, fundi pancha."

"Ameingia hapa?"

"Ameletwa."

"Basi usimtafute. Sentensi ikifika hapa imekwisha. Hakuna neno linaloendelea."

"Baada ya nukta huanza sentensi nyingine," nikamwambia, maana hilo nalijua vizuri.

"Huanza," akakubali. "Lakini huanza na mtu mwingine." Akanipa karanga. Nikakataa kwa adabu.

Simu ikanong'ona kifuani kwangu: "Mzee, ninyanyue nimwone vizuri."

Nikainyanyua. Hapo afande akaweka karanga chini, akajifuta mikono kwenye suruali, akashika kidevu chake, akavua uso. Ulitoka kwa urahisi, kama soksi. Akaukunja mara mbili, akautia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Nyuma yake hapakuwa na jambo la kutisha. Palikuwa laini tu, kama ubao uliofutwa.

"Mbona umevua?" nikamuuliza.

"Uso huu ni mali ya serikali, Mzee. Nimepewa kwa ajili ya kazi. Ukipigwa picha unachakaa."

"Na ule wako mwenyewe?"

"Niliuacha depo ya mafunzo, siku ya kuapishwa."

"Sasa mama yako hukutambuaje unapokwenda kumjulia hali?"

"Kwa buti," akasema. Kisha akazipangusa vumbi buti zake, kama mtu anayekumbuka safari ya nyumbani. Halafu akasimama. "Sasa, Mzee, umenipiga."

"Nimekupiga picha."

"Umesikia?" akaiuliza ile nukta. "Amekiri."

"Nimesema nimekupiga picha!"

"Amerudia."

"Mzee," simu ikasema, "usiongeze neno."

Nikaongeza. Mtu akikosea sarufi mbele yangu siwezi kunyamaza. Nilifungua mdomo nimweleze afande tofauti ya kupiga na kupiga picha, na nilipoufunga tulikuwa mahakamani.

*

Mahakama ni darasa letu la ngumbaru katika Shule ya Msingi Mnadani. Madawati ni yale yale ya watoto, na mawakili wamekaa magoti yakiwa usawa wa masikio. Binti yangu Semeni yuko dawati la mbele, amejifunga khanga kiunoni kama mtu aliyekuja kwa ugomvi.

"Baba," ananiambia kwa sauti ya chini, "leo usibishane nao. Nakuomba. Jibu ndiyo, jibu hapana, kaa."

"Nitajibu ndiyo na hapana," nikamwahidi.

Hakimu alikuwa muhuri. Simaanishi kwamba alikuwa na muhuri. Alikuwa muhuri wenyewe, wa mpini wa mbao, amelala juu ya pedi yake ya wino wa zambarau, na kila mtu alinyanyuka alipokoroma.

"Mshtakiwa anajua kosa lake?" akauliza bila kuamka vizuri.

"Sijui, Mheshimiwa. Na mimi si mshtakiwa. Nimekuja kumtafuta mkwe wangu."

"Iandikwe kwamba anajua."

Katika mfuko wa shati langu mna kijitabu cha sheria, nilichokinunua mwenyewe na kukijalidi kwa gazeti. Kikaanza kufurukuta. Nikakitoa, nikakisimamisha juu ya dawati. Kikakohoa, kikasema kwa sauti nyembamba ya kisomi:

"Kila mtu ana haki ya kutazama, kurekodi na kuwaeleza wengine kazi ya mtumishi wa umma inayofanyika mahali pa wazi."

Darasa zima likapiga makofi. Semeni alipiga makofi mpaka khanga ikamlegea. Mimi nilijiona mrefu, nikafikiri, tumeshinda, Zuberi atalala nyumbani leo.

"Isipokuwa," kijitabu kikasema.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mtu.

Hilo neno nimelisoma mara nyingi maishani mwangu, lakini sikuwahi kulijua sura. Ni jitu pana, limevaa suti ya rangi ya majivu, liliinama ili kupita mlangoni. Halikuomba kiti. Lilikuja moja kwa moja mpaka kwenye dawati langu, likakaa juu ya kijitabu. Kijitabu hakikusema tena.

"Naitwa Bwana Isipokuwa," akajitambulisha kwa upole. "Ndimi mwendesha mashtaka. Mzee, naambiwa umesoma."

"Nimesoma. Ukubwani, kwa hiari yangu."

"Hongera sana. Watu wa namna yako ni wachache. Njoo ubaoni, tafadhali, utuandikie ulichomfanya afande."

"Baba, kaa," Semeni akasema.

Lakini nilikuwa nimekwisha kushika chaki. Nikaandika kwa mwandiko wa kuunganisha, herufi zimelala upande mmoja kama mpunga ulioguswa na upepo: *Nilimpiga picha.*

Minong'ono ya kuusifu mwandiko ikapita darasani. Bwana Isipokuwa naye aliusifu.

"Sasa tuchanganulie. Hiyo *ni*?"

"Mimi mwenyewe. Mtenda."

"*Li*?"

"Wakati uliopita."

"Endelea."

"*Piga*. Hilo ndilo tendo."

"Umeruka."

Nikatazama ubao. Kweli nilikuwa nimeruka.

"Ile *m*, Mzee. Katikati pale. Ni nani?"

"Ni mtendwa."

"Ndiyo picha?"

Ningeweza kusema uongo. Lakini sikusoma jioni zote zile kwa mwanga wa chemli ili nije niseme uongo wa sarufi mbele ya watu. "Hapana," nikasema. "Picha ingekuwa *i*. Hiyo *m* ni afande."

"Kwa hiyo aliyepigwa ni nani?"

"Afande. Lakini neno picha..."

"Tunalifikia. Nilimpiga teke. Teke ni nini hapo?"

"Ni kile alichopigwa nacho."

"Nilimpiga fimbo?"

"Fimbo ndiyo iliyotumika."

"Nilimpiga picha?"

Nikaitazama sentensi yangu. Ilikuwa nzuri, imenyooka, haina hata herufi iliyotoka nje ya mstari. Ilinitazama kama mtoto wangu mwenyewe aliyesimama upande wa wageni.

"Mheshimiwa," nikajitetea, "hata harusini watu hupigwa picha, na hakuna anayelia!"

"Bibi harusi hulia," akasema Bwana Isipokuwa, na akina mama wote darasani wakaitikia kwamba ni kweli.

"Afande aonyeshe palipoumia," hakimu akaamuru.

Afande, aliyekuwa kizimbani, akapandisha shati. Chini ya mbavu, upande wa kushoto, palikuwa na picha ndogo kama stempu ya barua, imevimba pembeni, nyekundu. Nikasogea. Ilikuwa geti la soko la Mnadani. Karandinga. Mgongo wa buluu.

"Panauma?" Bwana Isipokuwa akauliza.

"Panauma nikilala," afande akajibu. Sauti ilitoka kwenye ule mfuko wa shati. "Nikilala namwona mtu anasukumwa. Mkono unaomsukuma ni huu wangu."

Semeni akaruka kutoka kwenye dawati. "Mheshimiwa! Amesema! Amesema mwenyewe mkono ni wake! Muulizeni amempeleka wapi!"

Hakimu akajigeuza upande mwingine juu ya pedi.

"Hayo ni maumivu," akasema. "Si ushahidi. Kaa chini, mama."

Semeni hakukaa. Alibaki amesimama, mikono imening'inia, na wino wa zambarau ukaanza kupanda ukutani na miguuni pake taratibu kama unyevu.

"Mahakama inataka kumsaidia Mzee," hakimu akaendelea, "maana ana mwandiko mzuri. Huyo mtu aliye ndani ya simu ana uso?"

"Anao, Mheshimiwa. Amegeuka tu."

"Mahakama haiwezi kumwona mtu asiye na uso."

"Mheshimiwa, huyu afande hana uso na mnamwona!"

"Afande ana namba. Ingia umwambie mtu wako ageuke. Ukitoka kabla wino wangu haujakauka, nitamwona. Ukichelewa, basi."

Simu ikafungua mdomo wake wote. "Vua viatu," ikaniambia. "Humu ndani ni safi."

*

Nimo ndani ya video. Ni mchana ule ule, jua lile lile. Watu wote wamesimama kama walivyokuwa, midomo wazi. Muuza miwa ameinua panga na tone la maji ya miwa limening'inia hewani, halianguki. Hakuna harufu yoyote. Hilo ndilo lililonitisha, soko lisilo na harufu.

Karandinga limefungua mlango wa nyuma. Mbele yake, mikono imefungwa nyuma, amesimama Zuberi. Yeye peke yake anapumua. Naona ovaroli likipanda na kushuka.

"Zuberi, mwanangu. Geuka."

"Shikamoo, Baba," akasema bila kugeuka.

"Marahaba. Geuka haraka, hakimu anakauka."

"Sikugeuka siku ile, nitageukaje leo? Mimi ni yale yale uliyoyachukua, Baba. Siongezeki."

"Kwa nini hukugeuka?"

"Nilikuona kwenye kioo cha karandinga. Umesimama wima, umenyoosha simu kwa mikono miwili, kama unapokea cheti." Nikasikia anacheka kidogo. "Nikajua nikimtazama huyu mzee, na wao watamtazama."

Nilisogea nikasimama nyuma yake, karibu, kama watu wanavyosimama kwenye foleni ya dawa.

"Semeni anakula?" akauliza.

"Anapika."

"Sijauliza hivyo, Baba."

"Hali," nikasema.

Ovaroli likapanda, likakaa juu muda, likashuka.

"Zuberi, ukishaingia humo, mlango ukishafungwa, wanakupeleka wapi? Niambie mtaa tu. Niambie hata kona ya kwanza waliyokata."

"Sijui. Mimi ni wa mpaka mlango unapofungwa. Wa baada ya hapo ni mtu mwingine, sijawahi kuonana naye. Natamani ningemjua. Ukimpata, msalimie."

Nikaegemeza paji la uso kwenye mgongo wake. Ulikuwa na joto la mtu. Nilitaka kulia, lakini chaki ilikuwa inanisumbua kidoleni. Nilikuwa sijaiacha ubaoni.

"Umeshika nini?" Zuberi akauliza.

"Chaki."

"Vizuri sana. Yangu ya kuwekea alama tundu wameninyang'anya. Wamesema ni silaha."

Zuberi akipata tundu kwenye mpira wa baiskeli hulizungushia duara kwa chaki, ili lisimpotee wakati anakata kiraka. Nimemwona akifanya hivyo mara nyingi, amechuchumaa, ulimi umetoka kidogo kama mwanafunzi. Nikamuuliza kama anataka nimchoree duara.

"Andika jina, Baba," akasema. "Duara wamekwisha kulichora wao."

Nikaandika. Sikutumia mwandiko wa kuunganisha. Nilitumia herufi kubwa, za kusomwa na mtu aliyekaa dawati la nyuma kabisa. ZUBERI MNDEME. Nguo ilikuwa inapanda na kushuka na mimi nikaandika nikifuata pumzi yake. Nilipofika mwisho nikataka kuweka nukta, kama nilivyozoea. Kisha nikakikumbuka kile kituo cheusi kisicho na mlango. Sikuiweka.

"Limekaa sawa?" akauliza.

"Limekaa juu ya mstari."

"Basi nenda. Usimwambie Semeni kwamba nimeuliza kuhusu kula. Atajisikia vibaya."

*

Nilitoka na kumkuta hakimu akiwa na unyevu bado. Simu ikaegemezwa ubaoni, ikacheza. Mgongo ukatokea, na juu ya mgongo jina, jeupe, kubwa, linasomeka mpaka mlangoni.

Semeni alilisoma wa kwanza. Halafu darasa zima, kwa sauti ya pamoja, kama tulivyokuwa tukimfuata Mwalimu Felista na fimbo yake ubaoni: "Zu-be-ri."

Hakimu akanyanyuka kutoka kwenye pedi. Naye Bwana Isipokuwa aliinuka kidogo, na kijitabu changu chini yake kikapata nafasi ya kuvuta pumzi.

Ndipo afande akashuka kutoka kizimbani. Hakuharakisha. Aliingia ndani ya picha kama mtu anayeingia ofisini kwake asubuhi, akasimama pale aliposimama siku ile, akaangalia kando kama alivyoangalia siku ile. Akaweka kiganja katikati ya mgongo wa mkwe wangu. Akasukuma. Mkono uliteleza kutoka bega moja hadi jingine, taratibu, namna mwalimu anavyofuta somo la leo ili pawepo nafasi ya somo la kesho.

Zuberi akaingia ndani ya karandinga. Mgongo wake ulikuwa wa buluu tupu.

"Wananchi," Bwana Isipokuwa akauliza, "tumeona nini?"

"Mgongo," wakajibu wale wale waliosoma.

"Zuberi," Semeni akasema.

"Tumeona nini?"

"Mgongo!"

"Zuberi," akasema Semeni. Sauti yake sasa ilikuwa ndogo sana. Wino ulikuwa umemfika shingoni na yeye hakuutazama. "Zuberi. Zuberi."

Nikageukia ubao niwaandikie tena, niwaandikie pote, ukutani, madawatini, juu ya suti ya Bwana Isipokuwa. Nikanyanyua mkono. Chaki ilikuwa imekwisha. Palibaki vidole.

Hakimu alinirukia. Niliuona uso wake wa mpira ukija, herufi zimegeuka kinyume, na kwa kuwa najua kusoma nilizisoma zikiwa bado hewani: HAKUNA. Akatua kwenye paji la uso wangu. Ko!

Akarudia. Ko! Ko!

"Baba! Umeamka? Baba!"

Alikuwa Semeni, anagonga mlango. Nje kumekucha, kuku wa Mama Deo wanagombana. "Bi Nyamizi ameshatangulia mahakamani. Ametuma ujumbe tusichelewe na tusisahau simu."

Nikakaa kitandani. Simu iko juu ya stuli, nyembamba kama siku zote. Nikanyoosha mkono niichukue, nikaona kidole gumba cha kulia na cha shahada ni vyeupe, mpaka ndani ya kucha.

Nikafikiri ni chokaa ya ukuta. Nikausugua ukuta. Ukuta wangu una rangi ya mafuta, ya kijani, haitoi kitu. Na chaki sijaiingiza nyumba hii tangu nilipomaliza darasa la ngumbaru.

Semeni akaingia, akasimama nyuma yangu huku akifunga mtandio. Nikafungua video. Nimeitazama mpaka namjua kila anayepita, mama mwenye beseni, mtu wa kofia ya njano, yule anayegeuka kukohoa. Wote wapo. Zuberi hageuki. Mgongo wa buluu, hauna alama yoyote. Askari ameangalia kando, anamsukuma. Zuberi anaingia. Mkono unaukamata mlango wa karandinga, unaubamiza.

Nikaisimamisha hapo.

Juu ya kitasa, kwenye rangi nyeusi ya mlango, palikuwa na alama ya kiganja. Nyeupe, vidole vyote vimetanuka, ya unga unga, kama imetoka kufuta ubao sasa hivi.

Semeni akainama karibu na kioo. Nilisikia pumzi yake shingoni.

"Baba, hiki kilikuwepo?"

"Hakikuwepo."

Tayari nilikuwa nawasikia, wakili wao na kicheko cha watu: kiganja nacho hakina jina.

"Nawa uso twende," Semeni akasema. "Tumechelewa."

Nilinawa kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia niliutia mfukoni kama ulivyo, tukaondoka.